Jioni ni mkate na soseji baridi: ugali wako uuweke wapi ukishaolewa Ujerumani?

Swali limetoka kwa dada mmoja, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo dokta. Nina miaka 29, natokea Mwanza, nimeolewa na Mjerumani na toka Septemba niko kijiji kimoja karibu na Kassel. Nimeongezeka kilo 8 lakini nasikia njaa kila saa na mwili umechoka tu. Huku jioni wanakula mikate na soseji baridi, mie bila ugali sishibi, kwahiyo mume akilala nasonga kidogo nakula peke yangu. Nikimpikia yeye anaonja tu. Dagaa alisema nisipike tena ndani manake nyumba nzima inanuka. Kwa mama mkwe ndo kabisa, narudi na njaa. Na tunatafuta mtoto. Nizoee chakula chao nisahau chetu au nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza tuwekane sawa, mimi sio daktari, ni mtu wa lishe, ila wanawake wa kwetu walioolewa huko Ulaya nimekaa nao sana kwenye kazi yangu, na hiyo ya kusonga ugali saa nne usiku kimya kimya mwiko usigonge sufuria sio wewe wa kwanza kuniambia.

Naanza na kilo manake hapo ndo pana majibu ya mengine. Wewe unakula chakula cha jioni mara mbili. Unakaa mezani na mume wako saa kumi na mbili, unakula mkate, na kichwani kwako mkate sio chakula, mkate ni kitafunwa cha chai, kwahiyo hauuhesabu. Hebu tuuhesabu. Slesi moja ya mkate wa huko, ile nzito, ni kama gramu 50, hapo tayari kalori 110 na ushee, paka siagi kijiko kimoja cha chai kilichojaa ongeza 75, weka kipande cha jibini la gramu 30 ongeza mia na kidogo, yaani slesi moja tu iliyovalishwa inakaribia kalori 300. Ukila tatu umeshafika 900, hiyo ni ugali wa gramu 150 za unga pamoja na dagaa wake na mafuta yake. Alafu saa nne unasonga ugali wenyewe. Sasa kilo 8 zisije zitokee wapi, na ukiangalia ni toka Septemba, yaani umeingia na baridi, hutembei, huendi sokoni kwa miguu, hubebi kitu, gari linakupeleka supamaketi linakurudisha.

Na njaa unayosema ni ya kweli, sio ya kufikiria. Mkate mweupe na keki na juisi vinapandisha sukari ya damu haraka na inashuka haraka, na tumbo lililozoea ugali wa kushika mkononi na bakuli la mboga linaona halijapata kitu. Ila hapa nikuambie jambo ambalo wengi wetu hatulijui: huko uliko ni kwenye mkate hasa, wenyewe wana aina zaidi ya 3,000 zilizoandikishwa na utamaduni wao wa mkate uliingizwa mwaka 2014 kwenye orodha yao ya taifa ya urithi usioshikika. Wewe nina uhakika unachukua ule mlaini wa toast manake unafanana na wa nyumbani. Huo ndo mbaya kuliko yote kwenye shelfu. Tafuta ulioandikwa Vollkorn, kwa kanuni zao za mkate neno hilo haliwekwi mpaka angalau asilimia 90 ya nafaka iwe nzima haijakobolewa. Usidanganywe na rangi, kuna mikate imetiwa kimea ionekane ya kahawia tu lakini ndani ni unga uliokobolewa. Mwanzoni utauona mchachu na mgumu kama umelala siku tatu, ukiuzoea slesi mbili zinakufikisha asubuhi.

Tuliofuatilia mlo wa watu waliohama tunaona kitu kinachojirudia nchi hadi nchi. Mtu akihama, vinavyobadilika mwanzo ni vile vidogo vidogo, vinywaji, biskuti, krisps, chokleti, soda, kifungua kinywa. Kinachobaki mpaka mwisho ni kile cha kushibisha, ugali kwa mtu wa ugali, wali kwa mtu wa wali. Matokeo yake mtu anakuwa amechukua kutoka kwa wenyeji kile ambacho hata wenyeji wanaambiwa na madaktari wao wapunguze, na hajachukua kile kizuri chao, zile supu za dengu, kabichi za kuchachusha, viazi vya kuchemsha na mtindi mzito wa Quark, na kwenye cha kwao amebaki na ugali bila mboga manake mboga hazioni dukani. Anakula nusu ya huku na nusu ya kule, na zote mbili ni nusu zisizo na mboga. Hapo ndo ulipo.

Kwahiyo usisahau chakula chako wala usikatae chao. Kihamishe tu chakula chako kutoka usiku kwenda mchana. Ugali wako ule saa sita au saa saba mchana, kwa amani, umekaa kwenye kiti, na mboga mbili, na jioni ule mkate na mume wako slesi mbili, na matango na nyanya na karoti pembeni, ule ukijua hicho ndo chakula cha jioni na hakuna kingine kinakuja. Na wala hutakuwa unaenda kinyume na kwao, manake Wajerumani wa zamani na hasa wa vijijini chakula cha moto wanakula mchana, jioni ndo baridi. Mama mkwe wako mwenyewe nadhani anaishi hivo hivo.

Hii inatufikisha kwa mume anayeonja tu. Usilipeleke moyoni kabla hujamuuliza mchana amekula nini. Wengi wao kazini kuna kantini, mtu saa sita ameshapiga nyama na viazi na mchuzi, akirudi kwake jioni mwili wake unataka kitu chepesi, sasa wewe umemuandalia sahani imejaa mpaka pembeni, na kwa mila yetu sahani ikirudi nusu mke anajiuliza nimekosa nini. Yeye anaona amekula vizuri tu. Mpikie Jumamosi na Jumapili mchana, siku ambazo hana kantini, utaona tofauti. Na Jumapili maduka yamefungwa huko, kwahiyo vitu nunua Jumamosi la sivyo utapika chumvi.

Kama unaenda darasa la lugha na ujumuishaji, lile la saa 600 za Kijerumani na saa 100 za mambo ya nchi, mchana haupo nyumbani, basi beba. Wali na maharage unabebeka vizuri. Ugali uliolala wengi wanaudharau ila ukiukata vipande ukanyunyiza maji ukafunika ukapasha kwenye maikrowevu sio mbaya hivo, mie binafsi nauona mtamu kuliko wa moto lakini najua hapo nitapingwa. Na hao wanawake wa darasani kwenu, Wasyria, Waeritrea, Waukraine, wote wamebeba vya kwao kwenye vyombo, hapo ndo utajua duka gani lina bamia na lipi lina unga mweupe.

Sasa mama mkwe. Hili nataka nikae nalo kidogo manake watu wanadhani ni mapishi kumbe ni adabu mbili zimegongana. Kwetu mgeni akikaribishwa chakula anasema "nimeshiba, asante", hiyo ni heshima, na mwenyeji anajua kwamba haimaanishi kitu, atamsukumia tena, "onja tu jamani, kidogo tu, au chakula changu kibaya?", mgeni anakataa mara ya pili kwa udhaifu, ya tatu anakula. Wewe umelelewa hivo na mwili wako unafanya hivo bila kuuliza. Huko ukisema hapana asante, wameelewa hapana asante. Sahani inaenda kwa mwingine. Hakuna mtu atakurudia, na sio kwamba hawakupendi, kwao kumsukumia mtu mzima chakula alichokataa ndo utovu wa adabu. Kwahiyo unatoka hapo una njaa na una kinyongo, unasema wameninyima, na yeye mama wa watu anamuambia mwanae "mkeo hapendi chakula changu, hajala kitu". Nimewaona wawili wamefika mpaka kutosalimiana kwa hili tu.

Dawa yake ni rahisi japo itakuuma mwanzoni: sema ndiyo mara ya kwanza. Chukua. Na kama unataka tena sema unataka tena, hawakuoni mroho. Jambo jingine, wenyewe wanapika kwa hesabu, mama atauliza kabisa "unakula viazi vingapi?", na ukisema viwili vitachemshwa viwili, na soseji ni moja moja kwa kila mtu, hakuna sufuria la ziada la atakayetokea manake hakuna atakayetokea bila kusema. Ukiulizwa sema namba ya kweli. Ukisema kimoja kwa aibu utakula kimoja, umejichongea mwenyewe.

Na kama kuna kitu huwezi, sema siku ya kwanza na sio siku ya ishirini. Kama wewe ni Muislamu waambie mapema na usiishie kwenye nyama tu, vipande vya mafuta ya nguruwe wanavitia mpaka kwenye mboga na viazi, na jelatini ipo kwenye peremende. Kama ni tumbo linasumbuliwa na maziwa sema pia, hata wao wapo wa hivo wengi na maziwa yaliyotolewa laktosi yapo kila duka. Mtindi na Quark na jibini lililokomaa vingi tumbo linavivumilia kuliko maziwa mabichi ya glasi.

Alafu mfundishe na yeye kitu. Huko Korea Kusini, ambako toka miaka ya 1990 wameolewa wanawake wengi sana kutoka Vietnam, Ufilipino na Kambodia, hasa kwa wanaume wa vijijini, serikali ilitunga sheria ya familia za tamaduni mchanganyiko mwaka 2008 na kuweka vituo vya kuwasaidia, na kwenye vituo hivyo wake wageni wanafundishwa lugha na wanafundishwa kupika cha Kikorea, kimchi na vinginevyo. Jambo jema. Lakini lawama iliyokuja nayo ni hiyo hiyo: anayefundishwa ni mke peke yake, mume na mama mkwe hakuna anayewafundisha kupika cha Kivietnam, na mtoto anakua hajui chakula cha mama yake. Sasa nyumbani kwako hakuna serikali, mnaamua wenyewe. Muombe mama mkwe akufundishe mchuzi wa kijani wa huko kwao, ule wa majani ya aina saba usiopikwa unaoliwa na mayai na viazi, Kassel wana wao na Frankfurt wana wao na kila mmoja anasema wa mwenzie sio, ukimuuliza hilo utakuwa umemfurahisha wiki nzima. Na ni chakula kizuri kwa kweli. Akimaliza wewe mpikie chapati. Usianze na dagaa, anza na chapati na maharage ya nazi, hakuna mzungu aliyeshindwa chapati.

Dagaa sasa. Mume wako hajakosea kabisa, dagaa wa ziwa wakipigwa kwenye mafuta ndani ya jiko lisilo na ukuta, na madirisha yamefungwa kwa baridi, harufu inaingia kwenye mapazia na makoti na haitoki kesho. Na kengele ya moshi italia, manake huko nyumba zote za kuishi ni lazima ziwe nazo. Lakini dagaa usiwaache, sababu unawala mzima na mifupa yake, hapo kuna kalisiamu, chuma na protini ambavyo kwenye soseji hutavipata hivo. Fanya hivi: siku yenye jua, au hata isiyo na jua, toka nje uani. Chagua mchanga, toa vichwa na matumbo, hapo harufu na uchungu vimeshapungua sana. Wamwagie maji ya moto sana, koroga, mwaga, rudia tena, utaona maji ya kwanza yametoka meusi kama ya kufulia na ya pili yameng'aa. Wakaushe kwa taulo la karatasi. Wakaange huko huko nje, jiko dogo la umeme na waya mrefu au lile lao la kuchomea nyama, wakaushe mpaka walie wakigongana kwenye kikaango. Wakipoa gawanya kwenye vimfuko vya mlo mmoja mmoja uweke friza. Siku ya kula unachemsha tu na nyanya, kitunguu na limao, dakika kumi, harufu ni ya mchuzi wa samaki wa kawaida, na ukimaliza fungua madirisha yote wazi dakika tano hata kama kuna theluji, wenyewe wanafanya hivo kila siku na wakikuona unafanya watakuheshimu.

Na kuwapata usihangaike. Ukija likizo, sheria za Umoja wa Ulaya zinakataza msafiri kuingia na nyama na maziwa na vyote vilivyotokana navyo kutoka kwetu, kwahiyo samli ya mama na nyama ya kukausha acha Mwanza, zitatupwa uwanjani. Ila samaki na bidhaa za samaki kwa matumizi yako unaruhusiwa mpaka kilo 20. Kilo ishirini za dagaa! Matunda na mboga mbichi toka Desemba 2019 yanahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Mbegu nazo zinahitaji cheti, kwahiyo usifunge mbegu za mchicha kwenye kanga ukadhani hawaoni.

Mboga zipo, ni vile hujui zimevaa majina gani. Sukuma wiki ndugu yake wa damu anaitwa Grünkohl, ni mmea wa jamii ile ile moja na kabichi, unapatikana mbichi majira ya baridi na wa friza mwaka mzima, kata mwembamba, kaanga na kitunguu, huwezi kujua. Mangold, mboga nyingine ya majani, weka badala ya mchicha, au spinachi ya friza, hiyo ya majani na sio ile ya krimu. Unga mweupe upo maduka ya Waafrika na baadhi ya maduka ya Waasia, Kassel mjini sio mbali na wewe. Ukikosa, kuna ule wa njano wa polenta, chukua uliosagwa laini kabisa, unasongeka, rangi itakukera tu.

Na kwa kuwa uko kijijini ulizia bustani za kukodi zilizo pembeni ya miji, Kleingarten, au kama mna uwanja wenu ni bora zaidi. Mbegu za mchicha nunua huko huko, wanaziuza kwa jina la amaranth. Usipande kabla ya katikati ya Mei, wazee wa huko wana siku zao kati ya tarehe 11 na 15 Mei ambazo baridi kali ya mwisho inapita, mama mkwe atakuambia. Baada ya hapo siku ni ndefu mpaka saa tatu usiku jua lipo na mchicha unakimbia kuliko hata kwetu. Matembele chukua kiazi kitamu cha dukani kichipue kwenye glasi dirishani toka Machi. Kisamvu sahau.

Uchovu sasa, na hapa ndo nakuomba usikae na ushauri wangu tu, nenda kwa daktari wako wa familia. Uchovu unaweza ukawa ni hiyo njaa na usingizi mbovu wa kula saa nne usiku, unaweza ukawa ni upweke, wala sio dhambi kuusema, lakini kuna vitu vitatu ambavyo mtu wa kutoka Mwanza ningependa apimwe.

Cha kwanza vitamini D. Mwanza ipo nyuzi mbili na nusu kusini ya ikweta, Kassel ipo nyuzi 51 kaskazini, na kati ya Oktoba na Machi jua la huko hata likiwaka halina nguvu ya kutengeneza vitamini hiyo kwenye ngozi ya mtu yeyote, na ngozi yetu nyeusi hata kiangazi inahitaji muda mrefu zaidi ya yao. Chakula peke yake hakitoshi. Kiwango chao cha taifa kwa mtu asiyepata jua ni maikrogramu 20 kwa siku, ndo hizo yuniti 800, vidonge vipo dukani bei ndogo. Usichukue vya yuniti elfu kumi na ishirini sababu rafiki amesema, vitamini hii ikizidi inakaa mwilini. Kipimo cha damu mara nyingi unalipa mwenyewe mpaka daktari awe na sababu ya kukiandika.

Cha pili madini ya chuma. Muombe apime wingi wa damu na feritini, feritini ndo akiba, damu inaweza kuonekana ipo sawa na akiba imeisha. Kama hedhi yako ni nzito mwambie. Na chai, mdogo wangu, ile chai ya rangi kikombe kikubwa pamoja na chakula inazuia chuma cha kwenye maharage na mboga kisiingie mwilini, kunywa saa moja au mbili mbele, na kwenye chakula weka limao. Akikuambia pia chembe nyeupe za damu yako zipo chini usishtuke sana, watu wengi wa asili ya Afrika kwa kawaida yao tu zinakuwa chini kuliko za Wazungu na sio ugonjwa, muulize kama amelizingatia hilo.

Cha tatu ni kichocho. Umekulia ziwani, umeoga, umefua, umechota maji. Minyoo ya kichocho inakaa mwilini miaka mingi, cha kwenu huko ziwani kinashambulia zaidi utumbo na ini taratibu, na daktari wa kijiji cha Ujerumani hawezi kukiwaza hata siku moja kama wewe hujamtajia. Mwambie wazi: nimekulia Ziwa Victoria, naomba nipimwe kichocho. Akikwama yapo mahospitali yenye madaktari wa magonjwa ya tropiki, na Hamburg wana taasisi ya magonjwa hayo toka mwaka 1900. Dawa ipo na inafanya kazi, ila bora ufanye hivyo kabla hujashika mimba.

Mimba yenyewe ndo hiyo mnaitafuta, basi foliki asidi unaanza sasa hivi, maikrogramu 400 kila siku, angalau wiki nne kabla na uendelee mpaka wiki ya 12, ukisubiri mpaka siku zipitilize umechelewa manake uti wa mgongo wa mtoto unajifunga mapema mno. Chumvi nunua yenye madini joto, dukani zipo zote mbili. Pima na sikoseli wewe, ukiwa na kinasaba chake na mume apimwe. Kwenye meza ya mkate kuna vitu itabidi uvikatae bila aibu ukishika mimba, cha kwanza Mett, ile nyama ya nguruwe mbichi ya kusaga wanayopaka na vitunguu, pili salami na soseji mbichi, tatu jibini la maziwa yasiyochemshwa, nne samaki wa moshi asiyepikwa. Usiogope kumuudhi mama mkwe, wanawake wa huko wote wanalijua hilo, yeye mwenyewe atakuondolea sahani. Na upande wetu nao: udongo. Najua utautamani, na kwenye maduka ya Waafrika huko yale madongo meupe yapo. Yameshakutwa na madini ya risasi, na risasi inamfikia mtoto tumboni. Hamu ya udongo mara nyingi inatembea pamoja na upungufu wa damu, kwahiyo ikikushika peleka mwili ukapimwe.

Limebaki la hela, hukuliuliza ila nimelisoma katikati ya mistari yako, ulivyosema unasubiri alale. Kwanini ugali uliwe kwa kujificha? Kama ni aibu yako tu, basi hiyo ya mchana itaiondoa. Kama ni kwamba ukitaka unga na dagaa lazima umuombe na yeye anasema ni upotevu wa hela, hilo ni jingine. Sheria ya ndoa ya Ujerumani inamtambua mwenzi asiye na kipato chake, ana haki ya kupata hela ya matumizi ya nyumba na hela yake ya mfukoni ambayo haulizwi kainunulia nini, mahakama zao hukadiria kati ya asilimia 5 na 7 ya kipato cha mwenzie baada ya makato. Sikuambii umpeleke mtu mahakamani kwa ajili ya dagaa, nakuambia ujue unapoongea naye kwamba huombi hisani. Mwanaume mstaarabu wa Kijerumani ukimwekea bajeti kwenye karatasi, kila mwezi kiasi hiki cha vyakula vyangu, anaelewa kuliko ukinuna. Na kibali cha mke wa Mjerumani kinakuruhusu kufanya kazi, hata ya saa chache, lugha ikikaa vizuri kidogo.

Lakini kama anafunga friji, anakuhesabia, anakunyima, anakutishia kukurudisha kwenu, hapo hatuongelei lishe tena. Kibali chako cha kukaa kinasimama chenyewe bila kumtegemea mume baada ya miaka 3 ya kuishi pamoja huko kwenye ndoa, na penye ukatili sheria inaruhusu hata kabla ya hapo. Namba ya simu ya msaada kwa wanawake wanaofanyiwa ukatili ni 116 016, ni bure, usiku na mchana, na wana wakalimani wa lugha nyingi. Kwa maandishi yako sidhani kama uko huko, mume uliyemuelezea anaonekana mtu anayekula kantini na hapendi moshi. Muulize leo mchana amekula nini.